Orodha ya malipo ya korosho isianike namba za wakulima

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika vya mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na wakulima wenzangu wa korosho, juu ya karatasi ambayo kila msimu hubandikwa ukutani kwa nia njema kabisa na ambayo, kwa ninavyoona, ndiyo inayowarahisishia kazi matapeli wa simu. Nazungumzia orodha ya malipo.

Kila aliyewahi kupeleka mzigo ghalani anaijua. Mnada ukishapita, fedha zikaingia na makato yakakatwa, karani huchapa majina ya wakulima wote, na mbele ya kila jina huweka kilo, kiasi cha fedha, namba ya akaunti ya benki, namba ya simu na, kwa baadhi ya vyama, namba ya kitambulisho cha Taifa. Karatasi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo au mlango wa ofisi, na watu husogea mmoja mmoja kutafuta majina yao kwa kidole. Zamani mambo yaliishia hapo, kwa sababu aliyetaka kuisoma ilimlazimu afike, na mvua za Januari zilikuwa zikiichuja wino kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi haimalizi nusu saa kabla kijana mmoja hajaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ili walioko shambani wasihangaike kuja. Kutoka hapo inahamia kwenye kundi la wanakijiji waishio Dar es Salaam, na baada ya hapo hakuna ajuaye imefika wapi.

Nisidhaniwe kwamba nawasuta watu nikiwa nimesimama pembeni. Nilikuwa karani wa chama cha msingi wilayani Newala kwa misimu tisa, na orodha za namna hiyo nimezibandika mwenyewe, kwa uji wa unga wa muhogo pale gundi ilipokosekana. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ninaanika mali za watu.

Kilichonizindua ni yaliyomkuta shangazi yangu msimu uliopita. Ni mjane mwenye mikorosho isiyozidi arobaini. Siku mbili baada ya orodha kubandikwa, alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole aliyemwita kwa majina yake yote matatu, akamtajia kilo zake bila kukosea hata moja, kisha akamsomea namba yake ya akaunti kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamwambia, "Mama, malipo yako yamegoma, jina la benki na la chama hayafanani. Sasa hivi utaona ujumbe wenye namba sita, nisomee nikurekebishie." Shangazi akavaa miwani, akasoma. Shilingi 340,000 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kupalilia na ada ya mjukuu ziliondoka chai yake ikiwa bado ya moto kikombeni.

Watu wa mtaani walimcheka, na wengine wakasema wazee wasipewe simu za namna hiyo. Mimi nilimuuliza taratibu kwa nini alimwamini mtu asiyemjua. Alinijibu, "Mwanangu, kilo zangu 318 angezijuaje kama si mtu wa chama?" Jibu hilo sijaweza kulipinga hadi leo. Shangazi alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya, yaani alimpima mgeni kwa kuangalia anajua nini. Tatizo ni kwamba kile alichokitumia kumpimia kilikuwa kimebandikwa ukutani kwa siku mbili nzima.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wasimame nami kidogo, kwa sababu wengi hudhani utapeli wa mtandaoni ni kazi ya wataalamu wanaovunja mitambo ya benki. Kwa shangazi hakuna kilichovunjwa. Zile tarakimu sita hutumwa pale mtu anapojaribu kuunganisha huduma ya fedha ya mteja kwenye simu nyingine, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayejaribu ndiye mwenye simu. Jina, namba ya simu na namba ya akaunti tapeli alikwisha kuvipata kwenye picha ya orodha, kwa hiyo alibakiwa na kitu kimoja tu cha kuomba, akakiomba.

Namba ya kitambulisho cha Taifa ni hatari zaidi, na ndiyo tunayoichezea kuliko zote. Ina tarakimu ishirini, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe: mwaka, mwezi, siku. Anayeiona amekwisha kujua umri wako. Sasa fikiria jinsi wazee wetu wanavyochagua namba ya siri ya tarakimu nne. Nimewasindikiza wengi kwa wakala kutoa fedha, nikijitahidi kutazama pembeni wanapobonyeza, lakini wenyewe huzitamka kwa sauti, na sehemu kubwa ya nilizozisikia zilianza na 19. Maana yake ni kwamba karatasi moja ukutani inatoa kufuli na ufunguo kwa pamoja. Tena namba hiyo hiyo ndiyo iliyosajilia laini zetu. Tangu usajili wa alama za vidole uliofanya laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, laini ya simu na kitambulisho ni kitu kimoja, na laini ndiyo pochi.

Najua nitakayojibiwa, kwa kuwa ndiyo ambayo ningejibu mimi miaka mitano iliyopita: orodha ni uwazi. Na kweli ni uwazi. Wakulima wa mikoa hii hawakuanza kudai orodha kwa kupenda kusoma karatasi. Walidai kwa sababu ya kilo zilizopungua njiani kati ya mizani ya kijiji na ghala kuu, na kwa sababu ya majina ya wakulima hewa waliolipwa bila kuwa na mkorosho hata mmoja. Orodha ikiondolewa kabisa, watakaoshangilia kwanza ni wale wale waliokuwa wakinufaika na giza. Kwa hiyo siombi iondolewe. Nauliza tu, ni lini namba ya simu ya shangazi ilimsaidia jirani kugundua mkulima hewa? Anayekagua anahitaji jina, kilo na kiasi. Akaunti inatosha kuonyeshwa tarakimu nne za mwisho, ili mwenyewe aitambue na mwingine asiipate. Namba ya simu na ya kitambulisho zibaki kwenye daftari la ofisini, na mwenye shaka na za kwake aende aonyeshwe za kwake. Kwa karani anayetumia kompyuta, kuzificha safu mbili kabla ya kuchapa ni kazi ya dakika moja. Kwa anayeandika kwa mkono, ni kazi iliyopungua.

Hayo hayo yanahusu orodha za pembejeo za ruzuku, ambazo huzunguka kwenye simu nyakati za kugawa salfa, dawa ya mikorosho, na fomu za vikundi vya mikopo ambazo baadhi ya makatibu hupenda kuzituma kundini zikiwa zimejazwa zote.

Niseme na la steshenari, ingawa najua wenye vibanda hivyo ni vijana wanaojitafutia riziki. Mwezi uliopita, nikiwa stendi ya Masasi, nilinunua karanga za shilingi mia tano zikiwa ndani ya kikaratasi kilichokunjwa kama pembe. Nilipomaliza nilikikunjua kwa mazoea ya mtu wa ofisi, nikakuta nusu ya kivuli cha kitambulisho cha msichana, picha yake, sahihi yake na namba yake yote. Bila shaka kilitoka vibaya kwenye mashine, kikatupwa kwenye boksi, na boksi likauzwa kwa uzani. Nilikichana vipande nikavitia mfukoni, jambo ambalo halimsaidii sana, maana nakala nzuri huenda bado imo kwenye kompyuta ya kibanda hicho, pamoja na vyeti vya wote walioomba vyuo hapo na nywila zao zilizoandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la hesabu. Mzazi anayempeleka mwanawe kuombewa chuo na asimame hadi faili lifutwe, na nywila abadilishe mwanafunzi mwenyewe jioni ile ile.

Inashangaza kwamba ni sisi tunaoanika siri namna hii. Mtu wa huku aliyepita jandoni au unyagoni atazeeka na atakufa bila kumsimulia mgeni aliyofundishwa, wala hakuna sheria ya Bunge inayomlazimisha.

Kwa namba zetu, sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo linalojulikana, asizidishe kuliko zinazohitajika kwa lengo hilo, na azilinde zisiwafikie wasiohusika. Chama cha ushirika chenye daftari la wakulima mia nane ni mkusanyaji wa taarifa, kama ilivyo benki au kampuni ya simu, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja chenye bati linalovuja. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa kupokea malalamiko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa upande wake, inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine, lakini hiyo inasubiri tapeli akamatwe, na wa shangazi hajakamatwa. Tulitoa taarifa polisi, na namba aliyopigia tukaituma 15040 kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyoelekeza, kisha tukabonyeza *106# kuona kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ilikuwapo moja asiyoijua. Alipofikiri sana akakumbuka wakala wa mwavuli aliyemwambia arudie kuweka dole gumba kwa sababu la kwanza "halijasoma".

Kwa maafisa ushirika wa wilaya, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti: kabla minada haijaanza Oktoba, watoe maelekezo ya maandishi kwa kila chama kuhusu nini kiwekwe kwenye orodha na nini kisiwekwe. Mafunzo ya makarani hufanyika kila msimu. Nusu saa itengwe kwa jambo hili.

Malipo ya kwanza yakitoka nitakwenda ubaoni kama wengine. Nikiikuta namba yangu ya kitambulisho pale, nitamwomba karani aishushe karatasi mbele yangu, na akikataa nitaiandikia Tume siku hiyo hiyo, nakala yake nikuletee wewe, Mhariri.

Karani mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara