Mwanangu, picha ya Rhodes msiicheke mkapita

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika. Huku nyumbani sote tu wazima, bibi yako anakusalimu sana. Unasema katika kipindi cha historia mlionyeshwa kibonzo cha Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza, amesimama juu ya Afrika, darasa zima likacheka, kisha mkafunua ukurasa mwingine. Hapo ndipo mlipopunjika.

Mchoro huo ni wa Edward Linley Sambourne. Ulitoka katika Punch, jarida la dhihaka la London, Desemba 1892. Rhodes alikuwa ametangaza mpango wa kuvuta waya wa telegrafu kutoka Cape Town hadi Cairo. Mchoraji akamsimamisha buti moja Misri, jingine Afrika Kusini, waya mikononi, bunduki begani. Jina lake lilifanana na la kisiwa cha Rhodes kule Ugiriki, ambako zamani kulikuwa na sanamu kubwa ya shaba. Watu husimulia kwamba ilitanua miguu juu ya mlango wa bandari. Basi bwana huyu akawa jitu, na bara zima likawa mahali pa kukanyagia.

Sasa tazama chini ya buti. Hamna mtu. Hamna Buganda, hamna Ujiji, hamna hata Mjerumani, ambaye wakati huo alikuwa ameshaikalia nchi yetu hii, katikati ya njia. Sambourne hakuandika kwamba Afrika haina wenyewe. Angeandika, msomaji angeweza kumbishia. Alimpa jitu na uwanja mtupu tu, yaliyobaki msomaji akayamalizia kichwani mwake, akadhani ni mawazo yake mwenyewe. Ndiyo maana vibonzo navipenda na kuviogopa kwa pamoja.

Tena mwaka 1899 jitu hilo lilifunga safari hadi Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, ruhusa ya kupitisha waya huku kwetu. Na ile sanamu ya shaba (hili sidhani kama mchoraji alilikusudia) iliangushwa na tetemeko la ardhi kabla haijatimiza miaka 70.

Wapo waliowageuzia wakubwa silaha hiyohiyo. Mfaransa Charles Philipon alishtakiwa Paris mwaka 1831 kwa kumdhihaki mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama akachora kichwa cha mfalme mara nne, kila mara kikizidi kuwa tunda la pea, akauliza kosa linaanzia mchoro wa ngapi. Walimfunga hata hivyo, lakini mapea yakazagaa kwenye kuta za jiji, na ni askari gani atakayelitia tunda pingu?

Nimekukatia vibonzo vya Masoud Kipanya kutoka magazetini. Ukija likizo tutavisoma pamoja, nawe utaniambia katika kila kimoja mchoraji ameacha nini nje. Hela ya matumizi nimemkabidhi mjomba wako.

Baba yako