Kura za maoni zirudishwe kwa wanachama wote

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu hapa Ngarenaro ana kadi ya chama kwa zaidi ya miaka 20, na ada hajawahi kuruka. Siku ya kura za maoni, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake wa ubunge, alishinda dukani kwake kwa sababu si mjumbe. Mgombea wake alichaguliwa ukumbini na wengine.

Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Mlango ni huo mmoja, na katika majimbo mengi anayeupita amekwishashinda. Mwaka 2010 CCM iliwaachia wanachama wote wapige kura za maoni. 2020 kura zikawa za wajumbe, na mitaani ukazaliwa ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Mimi siwatukani. Ila watu mia kadhaa ni rahisi kufikiwa na bahasha kuliko watu elfu kumi. Mwaka 2025 wajumbe waliongezwa, jambo jema, lakini jirani yangu bado alibaki dukani.

Wapo wanaotaka hata asiye na kadi apige. Wanataja jimbo la California, Marekani, ambako tangu 2012 wagombea ubunge wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja na wawili wanaoongoza ndio huenda kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba. Florida, kinyume chake, hupiga aliyejiandikisha na chama husika tu. Katika majimbo yote mawili, chama cha mpiga kura huandikwa kwenye daftari la serikali. Letu halina safu hiyo, na naomba lisiwe nayo kamwe. Nesi au mwalimu aende kituoni bila karani kujua chama chake.

Basi kila chama kiwape wanachama wote kura, na orodha yao ifungwe miezi sita kabla na isomwe kwenye mkutano wa tawi, ili kadi zisigawiwe usiku wa kuamkia kura.

Na sisi tusio na kadi? Turuhusiwe mgombea binafsi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia ni kuvunja haki. Mahakama hiyo iko hapa hapa Arusha, na uchaguzi wa 2025 umepita bila karatasi ya kura kuwa na mgombea wa namna hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Ngarenaro, Arusha