Kamati ya usalama isisubiri kuletewa faili

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba asiye na cha kuficha hana haja ya kuviogopa vyombo vya usalama.

Nimekuwa karani wa mahakama miaka 23. Maombi ya hati za upekuzi yalipita mezani kwangu kabla ya kufika kwa hakimu. Siku moja mpelelezi alileta ombi ambalo namba ya nyumba ilikuwa imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu yake. Hakimu akamwuliza, "Unamtafuta nani hasa?" Jamaa aliondoka amenuna. Kesho yake akarudi na karatasi safi na, tuseme ukweli, sababu nzito zaidi.

Marekani nako maombi ya ujasusi hupelekwa mahakamani, ila mahakama yenyewe ni ya siri. Mwaka 2012 ilipokea maombi 1,789 ya kunasa mawasiliano. Moja serikali yenyewe ililiondoa, hakuna lililokataliwa. Watetezi wake husema baadhi yalirekebishwa kwanza. Sawa, hata la mpelelezi wetu lilirekebishwa. Lakini letu mshtakiwa alilishika mkononi siku ya kesi, wakili wake akalichambua mstari kwa mstari.

Tutaambiwa Bunge linasimamia. Huko huko Marekani, Machi 2013 seneta Ron Wyden alimwuliza hadharani mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, James Clapper, kama wanakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Wyden, mjumbe wa kamati ya ujasusi, alijua kuwa sivyo, ila sheria za siri zilimfunga mdomo. Wananchi walikuja kujua Juni, baada ya Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi katika ujasusi wa Marekani, kuwapa waandishi nyaraka za siri. Mwaka uliofuata ikabainika kuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, imepekua kompyuta zilizotumiwa na wafanyakazi wa kamati hiyo hiyo, waliokuwa wakichunguza mateso ya mahabusu mikononi mwa CIA. Mkuu wa shirika hilo wakati huo, John Brennan, alikana kwanza. Julai akaomba radhi. Msimamiwa anampekua msimamizi!

Sipingi siri. Anayetega bomu hapelekewi barua ya kumjulisha kwamba anafuatiliwa. Ninachotaka ni wajumbe wa kamati za usalama wawe na ruhusa ya kufungua kabati la faili wenyewe, siku wasiyotarajiwa, badala ya kukaa wakisubiri kuletewa yale ambayo mwenye kabati ameona yanafaa kusomwa.

Karani mstaafu