Wanaosaka dhahabu magofuni, tuachieni vyuma ardhini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaozunguka usiku na mashine za kupimia madini katika magofu ya huku kwetu kaskazini mwa Pemba. Mimi ni mhunzi, mtoto wa mhunzi, na nnachokuja kukitetea ni chuma.

Wanachosaka tunakijua. Tangu 1984, zilipochimbuliwa Mtambwe Mkuu, mji wa kale hapa hapa Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, kila mwenye tamaa anaamini chini ya mbuyu wake kuna mtungi. Sarafu zile zilitolewa na watafiti, tabaka kwa tabaka, na leo tunayasoma majina ya watawala waliozipiga, akiwemo Ali bin al-Hasan. Zingefukuliwa usiku kwa jembe, zingeishia kwa sonara.

Lakini fedha na dhahabu zina watetezi. Chuma hakina. Mashine nyingi huwekwa zisilie zikikutana na chuma, maana mwenye mashine hataki kupoteza usiku wake kwa msumari. Hata hivyo chuma kikubwa, au cha mviringo kama pete, huidanganya ikalia kwa mlio wa kitu cha thamani. Kijana atafukua, atoe donge la kutu, atukane, atupe. Mwengine hutia kwenye polo akampelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, likachanganyike na rimu za baiskeli na mabati mabovu. Shimo analiacha wazi, ng'ombe avunjike mguu.

Mwaka huu kijana mmoja aliniletea donge kama hilo bandani kwangu, halizidi kiganja, akitaka nilitie motoni nione kama ndani mna kitu. Niligoma. Nililigeuza mwangani. Upande mmoja kutu imegandamana na mchanga na kigae cha chungu. Upande wa pili, ule mwembamba, ilionekana mistari ya mbao. Mbao yenyewe imeshaoza zamani. Kutu iliingia ndani ya mpini kabla haujamalizika kuoza, ikabaki na sura yake. Ule ulikuwa msuka wa kisu, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Tena mrefu kuliko tunavyoutoa sisi, na aliyeufua aliunyoosha ncha ili upenye mpini mpaka mwisho, usichomoke kwenye kazi nzito. Aliijua kazi yake yule bwana.

Nikamuuliza: umekitoa wapi, kina gani, kilikuwa pamoja na nini? Usiku ule alichimba mashimo mengi, hakumbuki. Basi kisu kile kinaweza kuwa cha miaka 900 au cha babu yangu, na hapana atakayetuambia.

Kibaya zaidi, kimeanza kupukutika. Chuma kilichozikwa karibu na bahari kimeshiba chumvi. Kikiwa chini kinakuwa kimeshazoeana na udongo wake. Ukikitoa kwenye hewa, chumvi huanza kazi upya, kutu inavimba na kitu kizima kinabanduka magamba. Wataalamu hukitoa chumvi polepole, na hukipiga eksirei waone umbo lililofichika ndani ya kutu. Ndimu, siki na msasa, tunavyosafishia mapanga, ni kukimaliza kabisa.

Tumezoea kusifu misikiti ya mawe na sahani za China. Lakini Unguja Ukuu, mji uliokuwepo tangu karne ya 7, wachimbaji wamekuta mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, na mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi katika karne ya 12 aliandika kuwa watu wa Malindi walipata faida kubwa kutokana na chuma chao. Sisi tunaojiita mafundi leo tunafua springi za malori yaliyokufa, na hilo, nikisema kweli, hunitia haya kidogo.

Kuchimba katika maeneo ya kale yaliyohifadhiwa bila kibali ni kosa kisheria, na masheha wanalijua. Nnachoomba kwao ni kuwaita wanunuzi wa vyuma chakavu, maana wao ndio soko. Wakatae kila kilichogandamana na udongo. Na wenzetu wa Mambo ya Kale serikalini waje kwenye vijiji vyetu vyenye magofu, Tumbe, Ndagoni na Pujini, na kisu kimoja kilichotibiwa, watu wakishike. Mabango tumeshayaona, yamefifia.

Aliyekwisha kutoa kitu asikioshe wala asikikwangue. Akiweke kikavu, aandike kando alipokitoa, akipeleke kunakohusika. Kile cha kwangu kimo ndani ya kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na tanuri. Afisa yeyote atakayefika Konde akauliza banda la mhunzi ataoneshwa.

Mhunzi,
Konde, Pemba