Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: aliyenyimwa hifadhi naye asirudishwe kwenye hatari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

YAH: WARUNDI WALIOKATALIWA MAOMBI YAO YA HIFADHI NA UTARATIBU WA KUWAREJESHA KWAO

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima nikiwa mkazi wa Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma, ambako wakimbizi ni majirani zetu wa miaka mingi. Ninaomba kwamba mwombaji hifadhi kutoka Burundi ambaye ombi lake limekataliwa asipandishwe basi la kurudi kwao kabla serikali haijajiridhisha, kwa maandishi na kwa kuitazama hali yake yeye mwenyewe, kwamba huko anakopelekwa hakuna anayemsubiri ili amdhuru.

Siandiki kudai kwamba Tanzania impokee kila anayebisha hodi. Nchi hii imebeba mzigo ambao mataifa tajiri yaliukwepa. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo mpakani kwa muda wa siku moja hivi, na Wilaya ya Ngara ikawapokea. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen kwa namna nchi yake ilivyowatendea wakimbizi, na mwaka 2014 serikali iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa kundi lililokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliokuwa wakilima katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Najua pia kwamba wafadhili wameahidi mengi na kuleta machache, kwamba misitu inayozunguka kambi zetu imeliwa na kuni, na kwamba serikali yoyote ina haki ya kusema hapana kwa mtu ambaye hakimbii hatari. Ninachokiandikia ni kile kinachofuata baada ya hiyo hapana.

Hadi Januari 2017 Mrundi aliyevuka mpaka alihesabiwa kuwa mkimbizi pamoja na wenzake wote, kwa sababu machafuko yaliyoanza Aprili 2015, Rais Nkurunziza alipowania muhula wa tatu, yalikuwa wazi kwa kila mtu. Sisi wa Kigoma tuliwaona watu wakirundikana katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikiwaua, na meli ya MV Liemba ikienda na kurudi kuwachukua. Utaratibu huo ulipoondolewa, kila mwombaji akatakiwa kuieleza kesi yake mmoja mmoja. Serikali ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Lakini tangu siku ile uhai wa mtu ulianza kutegemea mahojiano, na mahojiano yana udhaifu ambao sidhani kama unafika mezani kwako pamoja na jalada.

Mfikirie mama aliyebakwa na vijana wa Imbonerakure, tawi la vijana la chama tawala cha Burundi. Anaitwa kuhojiwa akiwa na mtoto mgongoni, mume wake amekaa ubavuni, mkalimani ni mwanamume, na nyuma ya mlango kuna foleni ya watu wa kilima kilekile alikotoka (kilima kwa Warundi ni kama kijiji kwetu). Akiulizwa kwa nini alikimbia, atasema alikimbia njaa, au atasema waliogopa. Akiulizwa tarehe atakosea, kwa sababu usiku wa namna ile hakuna anayetazama kalenda. Jalada litaandikwa kwamba maelezo yake yanapingana na kwamba hakutaja tishio mahususi. Mtu wa pili, aliyekimbia kwa sababu tu shamba lake limekuwa dogo, anaweza kueleza kwa ufasaha na kukumbuka kila kitu. Sisi tunaozungumza Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, tunakielewa Kirundi bila mkalimani, na mara nyingi tumesikia sokoni na njiani mambo ambayo watu hawa hawakuthubutu kuyasema mbele ya afisa. Kukataliwa ombi, kwa hiyo, kunathibitisha jambo moja tu: kwamba siku ile, kwa maneno yale, afisa yule hakushawishika. Hakuthibitishi kwamba mtu huyo yuko salama kwao.

Hata sheria tulizoziridhia wenyewe zinaliona hilo. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa Septemba 1969 unakwenda mbele zaidi: ibara yake ya 2 inamkinga mtu yeyote dhidi ya kufukuzwa au kurudishwa mahali ambapo uhai, mwili au uhuru wake utatishiwa, bila kuuliza kwanza kama ameshapewa kadi ya ukimbizi, na ibara ya 5 inataka kurejea kuwe kwa hiari. Huu si mkataba ulioletwa na wazungu, ni wa Waafrika wenyewe.

Sasa turudi Oktoba 2019, katika kambi ya Mtendeli. Waombaji hifadhi zaidi ya 200 ambao hawakuwa wamesajiliwa waliwekwa njia panda na maafisa wa serikali: wajiandikishe kurudi Burundi, au wabaki bila hadhi yoyote ya kisheria na bila msaada. Walijiandikisha, na tarehe 15 mwezi ule wakasafirishwa. Mheshimiwa, ningependa hili litazamwe kwa utulivu. Mtu hana kadi, kwa hiyo hana mgawo wa chakula. Hawezi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo hawezi kwenda kulima kibarua. Akikamatwa nje ni mhamiaji haramu. Anawekewa fomu mezani inayosema anarejea kwa hiari yake, na anatia dole gumba. Hiari gani hiyo? Tukiongeza masoko ya pamoja ya kambini yaliyofungwa na mgawo uliopunguzwa mara kwa mara kwa ukosefu wa fedha za wafadhili, tunapata watu wanaoondoka kwa sababu kubaki kumefanywa kusiwezekane, na makaratasi yao yote yanasomeka vizuri.

Miezi miwili kabla yake, Agosti 2019, Tanzania na Burundi zilitia saini makubaliano kwamba wakimbizi watarejeshwa wakitaka wasitake. Makubaliano ya serikali mbili ni jambo la heshima, lakini hayawezi kuwa ushahidi wa usalama wa mtu ambaye mmoja wa watia saini ndiye aliyemkimbia. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliupima mpango wa serikali yao wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Majaji hawakuishia kwenye ahadi zilizoandikwa. Walichunguza ni nini hasa kingewapata watu wale wakishafika, wakaona kuna hatari ya kweli ya kurudishwa makwao kwenye mateso, na mpango ukatamkwa kuwa kinyume cha sheria. Tunaikemea Ulaya, na ni haki kuikemea, kwa namna inavyowatupa Waafrika. Basi kipimo hichohicho tukitumie hapa kwetu.

Kuna wanaosema Burundi ya leo si ile ya 2015, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Nkurunziza alifariki Juni 2020, Rais Ndayishimiye amepokelewa Dodoma na kwingineko, na zaidi ya Warundi laki moja wamerejea kutoka Tanzania tangu mpango wa kurejea ulipoanza mwaka 2017. Wengi walirudi kwa kutaka, na hatuna sababu ya kuwazuia. Lakini Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Burundi, iliyofanya kazi hadi mwaka 2021, iliandika kwamba waliorejea walikuwa miongoni mwa wanaoshukiwa, wanaotishwa na wanaotozwa fedha na Imbonerakure, kwa hoja kwamba aliyekimbia ni mpinzani. Nchi inaweza kutulia kwa mkulima asiye na chama na isitulie hata kidogo kwa jirani yake aliyeandamana, au aliyekuwa askari, au aliyerudi akakuta shamba lake linalimwa na mtu mwenye cheo. Ndiyo maana naomba kila mtu atazamwe peke yake.

Uzoefu wetu wenyewe unatosha kutuonya. Mwaka 2012, baada ya mahojiano katika kambi ya Mtabila, Warundi wapatao 38,000 walionekana hawahitaji tena hifadhi, na wasiofika 3,000 wakaonekana bado wanaihitaji. Kambi ikafungwa, na kati ya Oktoba na Desemba wengi wao wakasafirishwa. Haikupita miaka mitatu wakaanza kuvuka tena, na kati ya waliofika katika kambi za Nyarugusu na Nduta kuanzia 2015 wapo waliokuwa wakikimbia kwa mara ya pili au ya tatu maishani. Kwa hesabu ya fedha tu, ukiacha utu, usafiri ule ulilipiwa mara mbili.

Kwa kuwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 kamati husikiliza na kupendekeza, nawe Waziri ndiwe mwenye neno la mwisho, ninaomba mambo ambayo hayahitaji kusubiri Bunge. Anayekataliwa apewe uamuzi kwa maandishi, wenye sababu, na asomewe kwa Kirundi. Huwezi kukatia rufaa jambo usilolijua. Apewe muda wa kutosha wa kuomba uamuzi upitiwe upya, na nafasi ya kuonana na mwanasheria wa msaada wa kisheria, na asiguswe wakati ombi hilo linasubiri. Wanawake wahojiwe na wanawake, kila mmoja peke yake bila mume wala shemeji chumbani. Na hata rufaa ikishindwa, kabla ya jina kuingia kwenye orodha ya msafara, afisa mwingine asiyehusika na uamuzi wa kwanza amuulize mhusika swali moja la mwisho kuhusu kinachomsubiri mahali hasa anakokwenda, kwa jina la kilima na tarafa, na ajibu kwa sahihi yake.

Ninaomba pia fomu za kurejea kwa hiari zisijazwe na mtu ambaye hajapewa fursa ya kuomba hifadhi kwanza. Asiyesajiliwa asajiliwe, asikilizwe, ndipo aulizwe kama anataka kurudi. Na katika vikao vya pande tatu kati ya Tanzania, Burundi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, Wizara yako idai taarifa ya waliorejea miezi sita baada ya kufika kwao: wako wapi, nani amekamatwa, nani haonekani. Kama taarifa hiyo ipo, itolewe hadharani, maana sisi tulioishi nao tunaulizana habari zao na hatupati wa kutujibu.

Misafara ikiendelea, Mheshimiwa, ninaomba majalada ya waliokataliwa ambao bado wamo nchini yapitiwe upya kabla ya msafara unaofuata, kwa kuanzia na ya wanawake waliohojiwa mbele ya waume zao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kibondo, Mkoa wa Kigoma

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Ofisi ya UNHCR, Kibondo.