Mhariri, mlimkata mfalme

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nanunua pale Magomeni Mapipa kila siku labda niwe sina hela, na sijawahi kuandika barua, hayo nawaachia wenye maneno yao. Ila ya juzi imenishinda.

Kwenye ukurasa wa makala mlitoa picha ya kale kutoka Uingereza, Bibi Mariamu kambeba mtoto, kazungukwa na malaika wenye mabawa marefu, wote bluu tupu. Chini mkaandika ni malaika wakimzunguka Bikira Maria, mchoro wa rangi za mafuta. Basi. Mjukuu wangu wa darasa la tano ndo alikuwa ananisomea maana miwani yangu imevunjika mkono, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Babu, huyu mtoto anamnyooshea nani mkono?" Na kweli, ukiangalia yule mtoto kainama mbele nusura amtoke mamake, mkono kautanguliza, na upande ule anaoangalia mlikuwa mmeweka nini? Tangazo la mkopo wa bodaboda.

Mhariri, mmemkata mfalme. Picha ile ina mbao mbili, nyie mmechapa moja.

Najua mtasema huyu mzee kajulia wapi. Mimi ni fundi maandishi, nimepaka vibao vya maduka, magari, shule, misikiti na makanisa miaka arobaini hapa mjini, mpaka hizi fleksi za kuprinti zilipokuja zikatumaliza. Ni Muislamu, lakini padri mmoja mzee wa Kizungu niliyempakia kibao cha kanisa lake alinipa kitabu cha picha kubwa kubwa alipokuwa anarudi kwao, akaniambia fundi, hiki utakielewa kuliko mimi. Kiko chini ya kitanda mpaka leo. Ile picha yenu imo mle, kurasa kumi na kitu, na kila nikikosa kazi naifungua naiangalia kama mtu anavyoangalia mpira wa marudio.

Waingereza wanaiita Wilton Diptych. Wilton ni nyumba ya mabwana wakubwa ilikokaa miaka mingi kabla jumba la National Gallery la London halijainunua mwaka 1929. Alitengenezewa mfalme Richard wa Pili, kati ya 1395 na 1399 hivi. Ni mbao mbili za mwaloni zimeungwa kwa bawaba, unaifungua unaifunga kama kitabu, kila ubao kimo chake sentimita 53, upana 37. Lifunue gazeti lako katikati uligeuze wima, ubao mmoja unakaribia hapo. Maana yake sio picha ya kutundikwa ukutani watu wapite waseme ahaa. Ni kitu cha mtu mmoja, anasafiri nacho, akifika mahali anakifungua anapiga magoti anaomba, akimaliza anakifunga. Ndo maana nje kumechubuka kwa kubebwa bebwa na ndani kuko safi kama jana.

Sasa huo ubao mlioutupa, wa kushoto, ndo kapiga magoti mfalme mwenyewe. Nyuma yake wamesimama watatu wanamtambulisha, kama vile wewe unavyopelekwa ukweni na wazee. Yupo Yohana Mbatizaji kashika mwanakondoo, yupo mfalme Edward wa zamani aliyekufa 1066 kashika pete, wanasema alimpa maskini pete yake kumbe yule maskini ni mtakatifu, na yupo mfalme Edmund kashika mshale kwa sababu aliuliwa kwa mishale na watu wa kaskazini mwaka 869. Hesabu vizuri hapo, wafalme watatu mbele ya mtoto mchanga na mamake. Wakristo wanajua hiyo ni hadithi ya Mamajusi waliokuja kumsujudia Yesu mchanga, na Richard alizaliwa tarehe 6 Januari, siku hiyo hiyo wanayoikumbuka. Yaani fundi hajaandika neno hata moja lakini kasema.

Halafu mikono ya mfalme, hapa ndo nataka mnisikilize. Mtu akiomba kwenye picha za kanisani unamkuta kaibana mikono pamoja. Huyu kaifungua, viganja viwili wazi, kama mtu anayepokea kitu au ndo kwanza kakitoa. Kule upande wa pili malaika mmoja kashika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, wengine wanamuonyesha mfalme kwa kidole, mama kashika wayo wa mtoto kama anasema haya busu, na mtoto kainama anabariki. Mazungumzo yote yanapita katikati, juu ya bawaba. Ukikata pale huna picha tena, una watu nusu wanaongea na ukuta.

Na ile bendera. Juu ya mlingoti wake kuna kitufe kidogo, sentimita moja tu upana, na miaka ya mwanzo ya 1990 walipokuwa wanaisafisha ndo wakagundua mle ndani kuna kisiwa cha kijani, kina ngome nyeupe, na chini bahari yenye mashua ya tanga, bahari imewekwa kwa madini ya fedha ambayo sasa imeshapoteza mng'ao. Sentimita moja! Mimi nimeandika namba za simu kwenye milango ya gari nikajiona fundi. Wanaojua wanasema kile kisiwa ni Uingereza, mfalme kaikabidhi kwa Bibi Mariamu naye anarudishiwa aitunze kwa niaba yake. Kwa hiyo viganja viwili wazi unavielewa sasa.

Nije kwenye hilo la rangi za mafuta, maana hapo ndo niliumia kifundi. Rangi ya mafuta naijua, ndo nimekula nayo, ya kopo na tina. Ile picha ni rangi ya kiini cha yai. Mwaka juzi nilijaribu mwenyewe uani kwangu. Unapasua yai, unatenga ute, kiini unakihamisha kiganja hiki kiganja hiki mpaka kikauke juu, halafu unakibana ngozi yake kwa vidole viwili unakitoboa kwa chini, kinachuruzika kwenye kikombe na ile ngozi unabaki nayo mkononi unatupa. Unatia maji kidogo na unga wa rangi. Mama watoto alikuwa anahesabu trei tu. Kwa joto letu la mwezi wa pili ilikuwa inakauka kabla brashi haijafika mwisho wa mstari, huwezi kuiburuza wala kuilainisha, inabidi uchore vimstari vyembamba kama nywele kimoja kimoja, na nzi nao hawakuniacha. Nilihangaika na shavu la mtu asubuhi nzima likatoka kama embe lililogongwa. Baadaye ndo nikasoma kwamba kwenye ngozi za watu wale mafundi walikuwa wanaanza na kijani chini, wekundu unakuja juu yake, ndo maana nyuso za wale malaika zina ule ubaridi.

Kuna Mtaliano wa zama hizo hizo anaitwa Cennino Cennini, aliwaandikia mafundi kwamba uso wa kijana upake kwa kiini cha kuku wa mjini maana ni cheupe, na uso wa mzee tumia kuku wa shamba kiini chake chekundu. Nilicheka peke yangu. Ni haya haya yetu ya kuku wa kisasa na wa kienyeji.

Dhahabu nayo sio rangi. Ni dhahabu yenyewe imepondwa ikawa nyembamba hata pumzi inaipeperusha. Ubao unapakwa chaki na gundi tabaka juu ya tabaka, unalainishwa, unapakwa udongo mwekundu, unaloweshwa kidogo, karatasi ya dhahabu inalazwa, halafu unaisugua kwa kitu kigumu laini, jiwe au jino la mnyama, mpaka ing'ae. Halafu fundi anachukua kitu cha ncha anaigonga vitone vitone bila kuitoboa, maelfu ya vitone, ili ukisogea na mshumaa vicheze. Duara la nuru la kichwani kwa mtoto ukiliangalia haraka ni pambo tu. Likipigwa mwanga kwa pembeni unaona ndani yake imegongwa taji ya miiba na misumari mitatu. Mtoto hata kutembea hajaanza, kifo chake kishaandikwa kichwani na anayekiona ni yule aliyepiga magoti karibu. Fleksi itafanya hivyo?

Joho la mfalme ni dhahabu iliyopakwa nyekundu juu halafu nyekundu ikakwanguliwa mpaka maua yakatokeza. Bluu ya malaika ni jiwe la lapis lazuli lililosagwa, limetoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, fikiria mwendo huo wa ngamia na jahazi, na wala tusijione wageni maana miaka hiyo dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita Kilwa yetu, na Ibn Battuta alipita pale 1331 akausifu mji.

Sasa cha kuchekesha. Malaika wako kumi na moja na wote kifuani wamevaa beji ya mfalme! Beji yenyewe ni mnyama mweupe kama kulungu, ila pembe zake zina matawi, Richard alianza kuwagawia watu wake mwaka 1390. Ni sawasawa na mtu wa Yanga achore peponi halafu malaika wote wawe na jezi ya Yanga. Na shingoni wana mkufu wa maganda ya mbegu, hiyo ni alama ya mfalme wa Ufaransa ambaye Richard alimuoa binti yake mwaka 1396, mtoto hajatimiza hata miaka saba, na hilo siliungi mkono hata kidogo. Mwenyewe kachorwa kijana hana hata ndevu wakati alishakaribia thelathini, kama sisi tunavyopeleka picha ya zamani kwenye fomu. Aliwekwa ufalme akiwa na miaka 10, wapo wanaosema wale kumi na moja ni mwaka wake wa kumi na moja. Kwa hiyo kujisifu kumo, sikatai. Lakini ardhi aliyopigia magoti ni kavu, mawe mawe na pori nyuma, na kule kwa Bibi Mariamu kumejaa maua. Aliyejua kujisifu tu asingejiweka upande mkavu.

Mwaka 1399 binamu yake Henry alimpindua, mwaka uliofuata akafia kizuizini ngome ya Pontefract. Picha ikabaki. Jina la fundi halijulikani, mpaka leo wanabishana alikuwa Muingereza au Mfaransa. Mimi hilo halinisumbui, vibao vyangu vyote vya Kariakoo hakuna hata kimoja chenye jina langu.

Ombi langu ni moja. Rudieni kuichapa, mbao zote mbili, kwenye zile kurasa za katikati, mfalme kushoto na mama na mtoto kulia, ili mkunjo wa gazeti uangukie pale pale kwenye bawaba. Mjukuu wangu nimemwambia mtairudia. Na pale katikati, kati ya mkono wa mtoto na viganja vya mfalme, nawaomba sana msiweke tangazo.

Fundi maandishi mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam