Usimeze tena kabla hujapimwa

Uyole, Mbeya

Shoga yangu mpenzi,

Ugonile? Huku baridi imeshika, ukungu hauondoki hadi saa nne. Ujumbe wako umeninyima usingizi. Nimeona nikuandikie barua, maana mambo haya hayasemeki kwenye simu wakati wifi zako wamekaa pembeni.

Unasema muwasho umerudi tena na duka la dawa wamekupa vidonge vilevile, wakakuambia ni "UTI sugu". Mimi siamini. UTI ni ya njia ya mkojo: ukikojoa unaungua, chooni huishi kwenda, chini ya kitovu panauma. Wewe unawashwa ukeni, mashavu ya uke yamevimba, ute ni mweupe mzito kama maziwa ya mgando na hauna harufu. Hayo yanafanana zaidi na fangasi. Lakini ule wa kipindi cha Pasaka ulikuwa mwepesi, wa kijivu, unatoa shombo la samaki hasa baada ya kulala na mwenzako. Huo unaelekea kuwa wa bakteria waliozidi, na dawa yake ni nyingine. Metronidazoli, dawa ya bakteria hao, haiui fangasi. Tena antibiotiki unazomeza ovyo zinaua na bakteria wema wanaoulinda uke, fangasi wanapata uwanja. Unatibu hili, unaamsha lile.

Kwa hiyo nenda hospitali. Waombe wachukue ute ukeni kwa kijiti cha pamba, wautazame kwa darubini, wakupime na sukari na VVU, maana fangasi wasioisha wakati mwingine ndio wanaoonyesha sukari imepanda. Kama unahisi una mimba, sema kabla hawajaandika dawa: flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, haifai kwa mjamzito, atapewa klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kuweka ukeni. Na wakithibitisha ni fangasi wa kujirudia, kidonge kimoja hakitoshi. Daktari anaweza kukuanzishia flukonazoli ya miligramu 150, vidonge 3 kwa kupishanisha siku tatu tatu, halafu kimoja kila wiki kwa miezi 6. Usiache kwa sababu muwasho umetulia.

Sasa la kujiosha, na hapa nakuomba unisikilize kama dada yako. Najua tulivyofundwa: kuingiza kidole na sabuni hadi usikie panakwaruza ndipo useme umetakata. Shangazi zetu walitupenda, walitaka tuwe safi. Lakini uke unajisafisha wenyewe. Ndani mna asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) ya 3.8 hadi 4.5, na hiyo ndiyo ngao yako. Sabuni ya kunukia inaiharibu. Kitunguu saumu, shabu, maji ya chumvi, kujifukiza, vyote acha. Nimemwona binti hapa jirani ameungua na kitunguu saumu hadi kukaa hawezi. Osha nje tu, kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, basi.

Na zile chupi tunazozificha chini ya kanga kwenye kamba ili watu wasizione! Kwa baridi ya Makambako zinashinda siku mbili zina unyevu, nawe unazivaa hivyohivyo. Zianike juani waziwazi. Jua likikosekana, zipige pasi ya mkaa hadi zikauke kabisa. Tafuta za pamba, zisizobana.

Mwenzako pia anahusika. Fangasi si ugonjwa wa zinaa, na asikutazame kwa jicho la kukushuku, wala wewe usimshuku yeye. Ila ikionekana ni wale bakteria wa shombo, muulize daktari kuhusu kumtibu naye. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2025 ulionyesha kuwa wanaume wakitibiwa pamoja na wake zao, wanawake waliorudiwa ndani ya wiki 12 walikuwa asilimia 35, badala ya 63. Na wakikuta trikomonasi, vimelea vya zinaa, ambayo ute wake mara nyingi huwa wa kijani na povu, hapo hakuna mjadala, mnatibiwa wote wawili.

Ukipata homa, maumivu makali chini ya tumbo, vidonda, au damu isiyo ya siku zako, usingoje. Nenda siku hiyohiyo.

Niambie siku utakayopata ruhusa kazini. Nitapanda basi la alfajiri nikusindikize, na kama ukiona aibu kumweleza daktari, nitaanza mimi kusema.

Ndaga fijo kwa kuniamini.

Shoga yako wa Uyole